Makao makuu wanataka majina ya walionifungulia moyo

Shikamoo mama,

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Morogoro. Ni msimamizi wa maofisa mikopo tisa katika tawi la kampuni moja ya mikopo midogo. Kazi yetu unaijua. Tunakopesha akina mama wa vikundi, wauza mboga, mafundi cherehani, wenye vigenge, halafu kila wiki tunafuata marejesho. Mtu akichelewa wiki moja tunapiga simu, wiki ya pili tunakwenda kwa mdhamini, wiki ya tatu tunabeba vitu. Mtaani wanatuita kausha damu, na sitajifanya jina hilo halinihusu.

Mwaka jana makao makuu, Dar es Salaam, walituletea mpango wa afya ya akili kwa wafanyakazi. Tulipewa namba ya simu ya mshauri nasaha, bure, mara sita kwa mwaka kwa kila mtu. Jumatano asubuhi kabla ya kufungua ofisi tunafanya mazoezi ya kupumua dakika kumi. Na kila tawi likapata balozi. Kwetu nilichaguliwa mimi, nadhani kwa sababu siku ya semina nilikuwa nimekaa mbele. Siku mbili za mafunzo, fulana, cheti.

Nilidhani yataishia kwenye fulana. Jioni ya siku ya pili ofisa wangu mmoja, kijana hodari ambaye marejesho yake yalikuwa hayashuki chini ya asilimia 97, alibaki ofisini wenzake walipoondoka. Akaniambia hajalala vizuri tangu siku tuliyobeba cherehani ya mama mmoja. Yule mama hakupiga kelele wala kututukana. Alikaa chini akaanza kukunja vitambaa vya wateja wake, kimoja kimoja. Kijana anasema hicho ndicho kinachomrudia usiku, vile vitambaa.

Nikampa namba, akapiga. Kufikia mara ya nne alikuwa analala. Lakini mama, naona kama amepona vibaya. Sasa hataki kwenda kubeba vitu. Anawapa watu wiki mbili za ziada, anakaa nao chini, anapiga hesabu upya. Marejesho yake yameshuka mpaka asilimia 81. Wateja wake wagumu wamehamishiwa kwa wenzake wawili, nao wanasema mawazo yake wanayabeba wao. Mmoja alisema kwenye kikao cha Ijumaa, "Na mimi naomba nichanganyikiwe, nipumzike." Watu walicheka. Kijana alikuwepo.

Sasa wiki iliyopita imeletwa fomu. Inataka jina la kila aliyepiga simu kwa mshauri au kuzungumza na balozi, cheo chake, tatizo lake, amekwenda vikao vingapi, na safu ya mwisho, "mabadiliko ya utendaji". Nirudishe kabla ya tarehe 30. Mikataba yetu ni ya mwaka mmoja mmoja na mwezi ujao ndio wanaamua nani anaongezewa. Nilipomuuliza meneja wa kanda, alisema niandike tu, ni siri ya kampuni. Siri ya kampuni ni ya watu wangapi, mama?

Niseme na zuri. Kwenye semina tulifundishwa maswali machache ya kumuuliza mtu: usingizi wake, hamu ya kula, kama vitu alivyokuwa akivipenda bado anavipenda. Nilikwenda Kilosa nikamuuliza mama yangu mzazi. Tangu baba afariki, miaka mitano sasa, anasema ana presha, moyo unakwenda mbio, kazunguka kwenye zahanati na kwa waganga. Nilipomuuliza kama bado anafurahia kwaya, alilia. Tukamleta hospitali ya mkoa, daktari akasema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Huu ni mwezi wa nne yuko kwenye dawa na amerudi kwaya. Mpango ule haukuletwa kwa ajili yake, lakini ndio uliomfikia.

Tatizo ni kwamba habari zilienea. Jirani anakuja, shemeji yake jirani anakuja. Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wakopaji wangu ananipigia saa tano usiku kunieleza mambo ya ndoa yake, na asubuhi mimi huyohuyo nakwenda kumdai. Mume wangu anasema nyumba imekuwa zahanati isiyo na daktari. Na mlinzi wetu wa usiku, ambaye ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, aliniomba ile namba ya mshauri. Nilipouliza Dar, walisema mpango ni wa waajiriwa wetu tu. Nilimwambia mlinzi nitamletea. Mpaka leo sijamletea, na napita langoni nikitazama simu.

Naomba uniambie: niandike majina? Kijana nimlinde yeye au niwalinde wenzake? Mlango wa nyumbani niufunge vipi bila kuonekana nina roho mbaya? Na huu mpango wenyewe una maana, au ni fulana?

Balozi wa Fulana, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hii iliyochapwa. Nimeondoa kila palipoweza kumfanya mtu wa ofisini kwenu aseme "huyu ni fulani".

La fomu lina tarehe, kwa hiyo linatangulia. Majina usiandike. La kijana usiandike, la mwingine usiandike, hata la yule atakayekuambia "mimi sijali, niandike tu". Ukiandika la anayekubali, mistari iliyobaki mitupu inawasema waliokataa.

Unayo sheria nyuma yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziguswi mpaka mwenyewe aridhie kwa maandishi. Kijana aliyebaki ofisini jioni akakueleza habari za vitambaa hakuridhia kwa maandishi kitu chochote. Alikuwa anazungumza na dada yake.

Usimdhanie meneja wako mabaya upesi, hata hivyo. Mara nyingi nyuma ya fomu kama hiyo yupo mhasibu. Kampuni inamlipa mshauri kwa idadi ya vikao, mhasibu anataka ushahidi kwamba vikao vilifanyika, na mtu aliyetengeneza fomu akachukua ile ya mahudhurio ya semina akaiongezea safu. Ushahidi huo unaweza kutolewa na mshauri mwenyewe kwa kutumia namba badala ya majina. Ile safu ya "mabadiliko ya utendaji", lakini, sio ya mhasibu. Hiyo ni ya mtu anayepanga mikataba, na hapo ndipo ningesimama hata kama ningesimama peke yangu.

Mwandikie meneja wa kanda barua pepe, fupi na ya adabu. Sema kwamba ulipofundishwa ubalozi uliwaahidi watu siri, kwamba taarifa za afya zinalindwa na sheria, na kwamba uko tayari kutoa idadi ya watu waliofika kwako bila majina, ijumlishwe na matawi mengine ya kanda kabla haijapanda Dar es Salaam. Sisitiza hilo la kujumlisha. Tawi lako lina maofisa tisa. Ukiandika "mmoja, mwanaume, vikao vinne, usingizi", umeshamtaja, imebaki herufi za jina tu. Kisha hifadhi nakala ya barua pepe hiyo mahali ambapo si kompyuta ya ofisi.

Na kama kwa bahati mbaya jina lake lilishakutoka mdomoni ulipokuwa ukizungumza na meneja, maana hukuniambia halikutoka, mwambie kijana mwenyewe leo. Asije akalisikia kwa mwingine.

Nakusukuma hivi kwa sababu nami niliwahi kuandika orodha. Nilikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge miaka ile dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure na serikali, mwaka 2004 na kuendelea. Mwajiri wetu alikuja na mpango ambao hata leo ningeusifu. Alikuwa na waelimisha rika waliopikwa vizuri, boksi la kondomu chooni, daktari anakuja kila mwezi, mke na mume wote wanatibiwa. Halafu ofisi ya utumishi ikaomba orodha ya wanaotumia dawa "ili wapangiwe kazi nyepesi". Nia ilikuwa njema, naamini hivyo mpaka leo. Niliichapa mimi. Haikupita mwezi, kliniki ya shambani ikawa tupu. Watu wakaanza kupanda basi kwenda mkoa mwingine kuchukua dawa ambazo zilikuwa mita mia tano kutoka vitandani mwao, na wale wasio na nauli wakaacha. Kazi nyepesi haikupata mtu, maana hakuna aliyejitokeza kuidai. Waliotuhama hawakuwa wa shambani pekee: wake zao na watoto wao nao waliacha kuja.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe. Mpango wa mwajiri hauishii getini. Ukienda vizuri, unamfikia mama Kilosa ambaye jina lake haliko kwenye daftari lolote la kampuni. Ukiharibika, unaharibika mpaka hukohuko.

Kuna mahali pamoja tu ambapo siri inafunguka. Mtu akikuambia anataka kujiua, au ukaona dalili kwamba amekwisha kupanga, usingoje asubuhi na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, mwite ndugu anayemwamini. Siri hiyo inakwenda kwa wa kumwokoa. Hata siku hiyo, ofisi ya utumishi haihitaji zaidi ya kujua kwamba mfanyakazi ni mgonjwa na yuko hospitali.

Umeuliza kama mpango una maana au ni fulana. Mabosi waliingizwa kwenye habari hii kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1. Hesabu hiyo imefungua milango mingi na siichukii. Ila inahesabu siku za kazi. Mama yako na kwaya yake hawamo. Yule fundi cherehani hayumo.

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Oxford, William Fleming, alichapisha mwaka 2024 matokeo ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 nchini Uingereza. Alilinganisha waliotumia vitu vya aina ya Jumatano yenu, mazoezi ya utulivu, aplikesheni, mafunzo ya kustahimili msongo, na wenzao wa palepale kazini wasiovitumia. Waliovitumia hawakuonekana kuwa na hali bora zaidi. Kitu kimoja tu kilielekea kuwa tofauti, nacho ni kupewa nafasi ya kujitolea kwa ajili ya wengine. Usiisome habari hiyo kana kwamba mtu asiyelala asipelekwe kwa mshauri. Kijana wako alipiga simu na sasa analala, hilo limekwisha kutokea. Isome hivi: mtu anayepika kwa kuni mbichi akipewa dawa ya macho, macho yatapoa, na kesho atarudi jikoni kwenye moshi uleule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unaweka mbele kazi yenyewe: mzigo, saa, na mfanyakazi kusikilizwa namna kazi inavyopangwa. Kupumua dakika kumi ni rahisi kununua. Kubadilisha wiki ya tatu ni kugumu.

Tuje kwa kijana. "Amepona vibaya" nimeyasoma mara tatu. Sidhani. Nadhani alikuwa anaumizwa na jambo asilolitaja, sasa analitaja kwa miguu yake, kwa kutokwenda.

Tenganisha mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza, je, bado anaumwa? Kama ndiyo, aende kwa daktari apate cheti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na haijasema ugonjwa huo uwe wa tumbo au wa mguu. La pili, je, amepona lakini anakataa aina moja ya kazi? Hilo ni suala la kazi, na ulijadili kama suala la kazi, kwa mdomo wa msimamizi, fulana ukiwa umeivua.

Na kabla hujamlaumu kwa kukataa, wewe mwenyewe hujiulizi kitu? Kampuni zenu ziko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na macho ya Benki Kuu. Mwandikie mwanasheria wa kampuni umuombe utaratibu wa kuchukua dhamana kwa maandishi: mkataba unasema nini, taarifa inatolewa lini, nani awepo, kitu kinauzwaje, kinachozidi deni kinarudishwaje. Ukiona jibu linakawia sana, utakuwa umejifunza jambo kuhusu wiki ya tatu.

Kisha fungua daftari. Asilimia 81 ni ya leo. Wale aliowapa wiki mbili za ziada, wangapi walimaliza? Wangapi walikopa tena? Weka pembeni wale mliowabebea vitu mwaka jana. Ile cherehani mliiuza shilingi ngapi, na deni lilikuwa shilingi ngapi? Yule mama kama alibaki na deni, alilipa kwa kushonea nini? Kikundi chake bado kinakopa kwenu au kimehamia kwa wenye vikoba? Mimi sijui daftari lako litasema nini, na inawezekana likamkataa kijana. Likimkubali, mpelekee meneja wa kanda likiwa karatasi ya marejesho, bila neno hata moja la afya ya akili. Atalielewa upesi zaidi.

Wenzake wawili wana haki ya kulalamika, na usiwanyamazishe kwa kuwaambia wawe na huruma. Walipewa mzigo bila kuulizwa. Gawa upya wateja wa tawi zima, utangaze mgawo huo ni wako, sababu ukae nazo. Kijana mpe kazi ambayo wengine wanaikimbia. Kwa mfano, kuwatembelea waombaji wapya na kuchuja maombi kabla mkopo haujatoka. Mtu anayeogopa kubeba cherehani ya mtu ndiye atakayeuliza maswali mengi kabla ya kuiandika kuwa dhamana. Hapo hamjampunguzia kazi, mmemhamisha.

Na yule aliyetaka "achanganyikiwe apumzike", mwite kando. Usianze kwa kumkemea. Mtu akitania namna hiyo mbele za watu, mara nyingine anapima kina cha maji. Muulize analalaje.

Kuhusu mikataba ya mwezi ujao: asipoongezewa, na kuna kila sababu ya kuamini angeongezewa kama wenzake, sheria inaweza kulihesabu hilo kuwa ni kuachishwa kazi isivyo halali. Lalamiko la kuachishwa linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mwambie azijue siku hizo sasa, kabla hajahitaji kuzihesabu.

Mlango wako. Zimbabwe kuna daktari wa akili, Dixon Chibanda, aliyeanza mwaka 2006 na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Wagonjwa walikuwa wengi, madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, basi akawafundisha bibi kukaa kwenye benchi na mtu mwenye kile watu wa kabila la Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema tu "ana mawazo". Wanamsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Matokeo ya jaribio lao kwa watu 573 katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako benchi hilo limefika.

Watu wanapenda kuisimulia habari hiyo kuonyesha kwamba yeyote anaweza kusaidia. Mimi nakuomba utazame benchi liko wapi. Liko nje ya zahanati. Bibi ana siku zake, amefundishwa kwa kazi hiyo, ana mtu wa juu yake wa kumuuliza anapokwama, na anapomaliza anakwenda kupika kwake. Wewe una siku mbili za semina na simu isiyozimwa.

Kwa hiyo weka benchi lako mbali na kitanda. Chagua siku moja, tuseme Jumamosi baada ya saa kumi, wakukute barazani. Simu saa tatu usiku inalala. Kazi yako iwe ile iliyomsaidia mama yako: kusikiliza, kuuliza maswali yako matatu, na kumwambia mtu aende hospitali ya mkoa, tena ikibidi umsindikize mara ya kwanza. Ukianza kutibu ndoa za watu umeshavuka. Mume wako hajakosea, ila mwambie "zahanati isiyo na daktari" ni nusu ya maneno. Daktari yupo hospitali ya mkoa, ninyi mnaelekeza njia.

Mwenyekiti wa kikundi ni jambo lingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali. Huwezi kumsikiliza usiku na kumdai asubuhi. Hata ukiwa na moyo wa dhahabu, yeye hatajua ni lini anazungumza na dada na ni lini anazungumza na deni, na siku atakapochelewa utajua mengi mno kuhusu nyumba ambayo unatakiwa kubisha hodi. Mwambie kwa upole kwamba wewe si mtu sahihi kwake, mtafutie mwingine, na usirudi nyuma. Ukiweza, mwombe meneja akubadilishie kikundi hicho.

Mlinzi nenda kwake leo. Mwambie ukweli kwamba namba hajapewa haki nayo, kwamba umeuliza na umekataliwa, na kwamba hospitali ya mkoa, ambako mama yako alisaidiwa, haihitaji awe mwajiriwa wa mtu. Kisha kwenye ileile barua pepe ongeza mstari: walinzi na wafanya usafi wanaokaa tawini nao waingizwe mkataba wa mshauri ukifanyiwa upya. Wakisema gharama, waulize ni watu wangapi. Kwa tawi la ukubwa wa lenu sitarajii wazidi watatu, na mmoja wao analala na funguo.

Msalimie mama Kilosa. Miezi minne ndio wakati ambao watu wengi hujiona wamepona, wakaacha dawa wenyewe kwa sababu mwili umekaa sawa, na hali ikawarudia. Asiache mpaka daktari aseme, na akiambiwa aache, apunguziwe taratibu. Tarehe ya kliniki iandike kwenye simu yako, maana yeye atakuambia siku hiyo kuna mazoezi ya kwaya.